Mbuzi, panya na moyo wako: majibu kwa barua zenu

Toleo lililopita niliandika sentensi moja tu, kwamba mengi tuyajuayo kuhusu moyo unaodunda ovyo tulifundishwa na wanyama, nikapita. Ninyi hamkupita. Barua zimekuja nyingi, nyingine za hofu, nyingine za udadisi, na moja ya hasira ambayo nimeisoma mara tatu. Kwa hiyo ukurasa wote wa safari hii nimeutoa kwa jambo hilo. Kabla sijaanza kuhudumia wagonjwa nilifanya kazi miaka minne katika maabara ya umeme wa moyo, hasa na sungura, na baadhi ya haya nitakayoyasema niliyaona kwa macho yangu.

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 58. Moyo wangu huanza kutapatapa ghafla kama ndege aliyenaswa, halafu hutulia wenyewe baada ya saa mbili tatu. Daktari wangu anasema vyumba vya juu vya moyo ndivyo vinavyotetemeka, na kwamba tusiuache moyo uzoee hali hiyo. Nilipomuuliza amejuaje, akanieleza habari ya mbuzi. Nilinyamaza kwa heshima, lakini moyoni nikasema: mbuzi na mimi wapi na wapi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Daktari wako hakukutania. Mbuzi hao nawafahamu vizuri, maana makala yao ilitoka mwaka 1995 nikiwa bado maabara. Nakala ilikuwa moja, tukawa tunapokezana kuisoma mpaka karatasi zikalegea.

Ilikuwa hivi. Katika mji wa Maastricht, Uholanzi, Maurits Allessie na wenzake waliwashonea mbuzi nyaya nyembamba kwenye vyumba vya juu vya moyo, wakawaacha wapone. Baadaye mbuzi, akiwa macho na amesimama kwenye zizi lake, aliunganishwa na kifaa kilichousikiliza moyo wake usiku na mchana. Kila moyo ulipokuwa katika mdundo wa kawaida, kifaa kiliurushia umeme kwa sekunde moja, nao ukaanza kutapatapa. Siku ya kwanza ulitapatapa sekunde chache tu, ukatulia. Kifaa kikaurushia tena. Siku zikapita, na muda wa kutapatapa ukawa unarefuka: sekunde, dakika, saa. Baada ya kama juma moja, mbuzi 10 kati ya 11 walikuwa na moyo uliotapatapa zaidi ya saa 24 bila kusaidiwa na kifaa chochote. Allessie na wenzake wakasema kwa maneno machache kwamba kutapatapa huzaa kutapatapa.

Kwa nini? Kila seli ya moyo ikishapitiwa na umeme hupumzika kidogo kabla ya kukubali kupitiwa tena. Mapumziko hayo ndiyo ulinzi wetu. Wimbi la umeme likijaribu kuzunguka na kurudi lilikotoka, linakuta seli bado zimelala, linakufa. Kwa mbuzi wale muda wa mapumziko ulipungua kama theluthi moja. Wimbi likawa linarudi na kukuta mlango wazi, linapita, linazunguka tena, na moyo hauna tena nafasi ya kujituliza.

Habari njema ni kwamba moyo wa mbuzi ulipoachwa katika mdundo wake wa kawaida, mapumziko yale yalirudi urefu wake ndani ya juma moja. Hapo ndipo wazo la kuwahi lilipopata nguvu: pengine tukimrudisha mgonjwa mapema kwenye mdundo mzuri, tunaukata mnyororo.

Nisikilize vizuri hapa, maana ndipo watu wengi hujikwaa. Mbuzi alitupa wazo, hakutupa ruhusa. Mbuzi wale walikuwa wazima, wachanga kiasi, na cheche tuliwawashia sisi kwa waya. Wewe cheche yako inatoka wapi? Jibu la hilo halikutoka kwa mbuzi. Lilitoka kwa wagonjwa wenyewe huko Bordeaux, Ufaransa, mwaka 1998, pale Michel Haïssaguerre na wenzake walipoonyesha kwamba kwa wengi cheche hutoka ndani ya mishipa inayoleta damu kutoka kwenye mapafu. Ndiyo sababu leo tunaingiza katheta, yaani mrija mwembamba, kupitia mshipa wa paja na kuitenga mishipa hiyo, cheche zake zisifike moyoni. Aidha, binadamu mwenye shinikizo la damu la miaka 20 ana makovu katika kuta za moyo, na makovu hayafutiki kwa juma moja la mdundo mzuri.

Ushauri wa kuwahi ulisimama kwa miguu yake mwaka 2020, jaribio la wagonjwa 2,789 lilipochapishwa. Wote walikuwa wamegunduliwa na ugonjwa huu ndani ya mwaka mmoja. Waliorudishwa mapema kwenye mdundo wa kawaida walipata vifo vya moyo, kiharusi na kulazwa kwa moyo kushindwa kazi kwa uchache kuliko wenzao. Tangu mbuzi wa 1995 hadi jibu hilo ilipita miaka 25.

Kwa hiyo msikilize daktari wako. Na kama amekuandikia dawa ya kuzuia damu kuganda, usiiache eti kwa sababu moyo umetulia wenyewe. Kiharusi hakisubiri siku unayojisikia vibaya.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa pili. Panya ni rahisi kumfuga, anazaa haraka, na jeni zake zinabadilishwa kwa urahisi. Kwa nini maabara za mapigo ya moyo zisitumie panya tu, zikaachana na sungura, mbuzi na nguruwe?

JIBU: Mara ya kwanza nilipomsikiliza panya, mwenzangu alikuwa ameunganisha waya za kipimo na spika ndogo. Sikusikia mapigo. Nilisikia mvumo, kama cherehani inayoshona kwa kasi. Panya aliye macho moyo wake hupiga kama mara 600 kwa dakika. Wa kwako, ukiwa umekaa unasoma, hupiga kama 70.

Sasa piga hesabu. Mara 600 kwa dakika maana yake kila pigo lina sehemu moja ya kumi ya sekunde, milisekunde 100. Katika moyo wa binadamu, seli moja ya chumba cha chini huhitaji kama milisekunde 300 kuwaka umeme na kujirudisha upya. Panya hana muda huo, kwa hiyo maumbile yalimpa milango mingine ya potasiamu, yaani vitundu katika ukuta wa seli vinavyopitisha madini hayo, ya kujirudisha haraka mno. Mlango ambao wewe na mimi tunautegemea sana, unaoitwa hERG, panya mzima karibu hautumii.

Hilo si jambo dogo la vitabuni. Terfenadini ilikuwa dawa ya mafua ya mzio, watu wakiinunua kama dawa ya kawaida kabisa. Ilibainika kwamba inaweza kuuziba mlango wa hERG, hasa pale ini linaposhindwa kuivunja kwa sababu ya dawa nyingine, na moyo ukaingia katika mdundo hatari. Mwaka 1998 ilikuwa imeondolewa sokoni Marekani. Ukimpa panya dawa ya kuziba mlango asioutumia, ataendelea kula mtama wake. Sungura, yeye anautegemea mlango huo kama sisi, na ndiyo maana mimi nilikuwa na sungura. Simbilisi anao sana mlango mwingine wa potasiamu, ule wa polepole, ambao kwetu hufanya kazi zaidi moyo unapokwenda mbio.

Ukubwa nao una neno. Mwaka 1914 Walter Garrey alikata vipande vya misuli ya moyo uliokuwa unatapatapa, akaona kwamba kipande kikiwa kidogo mno hutulia chenyewe. Wimbi linahitaji uwanja wa kuzungukia. Moyo wa panya haufikii hata robo gramu, wa mtu mzima ni kama gramu 300. Anayetaka kujaribu katheta mpya ya kuunguza au kugandisha misuli atakwenda kwa nguruwe, ambaye moyo wake unalingana na wetu kwa ukubwa. Hata hivyo nguruwe naye ana lake: nyuzi zinazosambaza umeme katika vyumba vyake vya chini huchimba ndani kabisa ya ukuta, wakati zetu hukaa juujuu upande wa ndani. Ukisahau hilo, utasoma ramani ya umeme ya nguruwe ukidhani ni ya mtu.

Samaki milia nampenda kwa sababu nyingine. Kiluwiluwi chake ni kama kioo. Unaweka chini ya hadubini, unautazama moyo ukidunda ndani ya kiumbe hai bila kumpasua. Una vyumba viwili tu, lakini umeme wake kwa umbo unafanana na wetu kuliko wa panya.

Na kwa kuwa wewe ni mwanafunzi, nikupe kisa cha kukumbuka siku ya mtihani. Kitovu kinachoanzisha kila pigo la moyo kilionekana kwanza katika moyo wa fuko. Yule mnyama wa kuchimba mashimo! Mwaka 1906, huko Kent, Uingereza, kijana Martin Flack, mwanafunzi wa udaktari kama wewe, alikuwa anatazama vipande vyembamba vya moyo wa fuko kwa hadubini wakati mwalimu wake Arthur Keith amekwenda kuendesha baiskeli na mkewe. Keith aliporudi, Flack akamwonyesha umbo dogo la ajabu pale mshipa mkuu unapoingia chumba cha juu cha kulia. Wakachapisha mwaka uliofuata. Ukiulizwa nani mnyama bora, jibu ni kuuliza kwanza: bora kwa swali gani?

SWALI: Daktari, nisaidie. Mwanangu wa kiume ana miaka 11. Amezimia mara mbili akikimbia. Wamempima jeni na kusema ana ugonjwa wa mapigo unaochochewa na mbio au hasira. Anatumia dawa ya kundi la beta-bloka, zile za kupunguza nguvu ya adrenalini moyoni, sasa ameongezewa flekainidi. Nilisoma usiku kwamba dawa hiyo iliwahi kuua watu, tena kwamba kwa ugonjwa huu ilianza kwa panya. Nimeficha chupa kabatini. Siku nne sijampa.

JIBU: Mwanangu, kabla hujamaliza kusoma jibu hili mpigie daktari wa mtoto, umwambie kwamba siku nne hujampa. Atakuelekeza namna ya kuanza. Beta-bloka usiisimamishe, aendelee nayo kila siku bila kuruka. Na mtoto asikimbie wala kucheza mpira mpaka umezungumza na daktari wake.

Umeshapiga? Sasa tukae tuzungumze, maana ulichosoma ni kweli, ila ni kweli ya watu wengine.

Nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni mwaka 1989. Mwalimu wetu wa famakolojia aliingia, akaandika ubaoni majina ya dawa mbili, enkainidi na flekainidi, akayapigia mstari mwekundu. Madaktari kwa miaka walikuwa wakiwapa dawa hizo watu waliopona mshtuko wa moyo na wakabaki na mapigo ya ziada. Mapigo ya ziada yalipungua kweli. Kisha jaribio kubwa likahesabu vifo: hesabu kamili ilipotoka, kati ya wagonjwa 755 waliopewa dawa walikufa 63, na kati ya 743 waliopewa vidonge visivyo na dawa walikufa 26. Tulikuwa tumekaa kimya darasani. Tangu siku hiyo jina flekainidi lilinitia baridi, na hofu yako naielewa sana.

Lakini wale walikuwa watu wenye kovu. Mshtuko wa moyo huacha sehemu iliyokufa, na umeme hupita kando yake kwa kusuasua. Flekainidi huupunguza umeme mwendo zaidi, na mwendo ukipungua karibu na kovu, wimbi hupata nafasi ya kuzunguka. Moyo wa mwanao hauna kovu. Tatizo lake liko ndani ya seli, kwenye ghala la kalsiamu. Ghala hilo hufunguliwa kwa kila pigo ili misuli ikaze, kisha hufungwa. Kwa mwanao linavuja. Akiwa ametulia, uvujaji hauna madhara. Akikimbia au akishtuka, adrenalini hulijaza ghala kupita kiasi, kalsiamu humwagika kabla ya wakati, na moyo hurusha pigo lisiloitwa, jingine, na jingine.

Hapa ndipo panya alipofaa. Nimemweleza mwanafunzi hapo juu kwamba panya hutudanganya kuhusu milango ya potasiamu. Ghala la kalsiamu, hata hivyo, limejengwa kwa panya karibu kama lilivyojengwa kwetu. Panya aliyeondolewa protini inayoishika kalsiamu ndani ya ghala hupata mapigo yale yale ya hatari anapofanya mazoezi. Mwaka 2009 kundi la Björn Knollmann katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, likishirikiana na madaktari wa nchi nyingine, lilitangaza kwamba flekainidi iliwazuilia panya hao mapigo hayo. Na hawakuishia kwa panya. Katika makala hiyo hiyo walieleza wagonjwa wawili ambao dawa za kawaida zilikuwa zimewashinda, nao wakapata nafuu. Mwaka 2017 ukatoka ushahidi wa jaribio dogo la wagonjwa waliopewa kwa kura, dawa halisi kwa kipindi kimoja na kidonge kitupu kwa kipindi kingine, na dawa ikashinda. Wanasayansi bado wanabishana inavyofanya kazi, kama inaziba mlango wa ghala lenyewe au inapunguza tu uwezekano wa cheche kushika. Kwamba inasaidia watoto kama wako, hilo hawabishani.

Dawa ile ile ambayo mwalimu wangu aliipigia mstari mwekundu, nimekuja kuiandika kwa mkono wangu kwa mtoto wa umri wa mwanao. Mkono ulitetemeka mara ya kwanza. Muulize daktari wake ni lini atampima akiwa anakimbia kwenye mashine, kabla na baada ya dozi. Hicho ndicho kipimo kitakachokurudishia usingizi, kuliko maneno yangu.

SWALI: Nina miaka 71, nilikuwa mwalimu. Nimewekewa kifuani mashine ya kushtua moyo, na mwaka jana ilinishtua nikaanguka jikoni, nikaamka. Mjukuu wangu amenionyesha kwamba mashine hii ilijaribiwa kwa mbwa waliosababishiwa kifo makusudi. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Ninyi watu wa maabara mna haki gani?

JIBU: Shikamoo mwalimu. Hii ndiyo barua niliyoisoma mara tatu, na sitakukwepa.

Mjukuu wako amesema kweli. Mwaka 1899, huko Geneva, Prevost na Battelli waliona kwa mbwa kwamba umeme unaweza kuutia moyo mtetemo wa kifo, na kwamba umeme wenye nguvu zaidi unaweza kuutoa humo. Ilichukua hadi 1947 kwa binadamu wa kwanza kuokolewa hivyo, mvulana wa miaka 14 aliyekuwa mezani kwa daktari Claude Beck huko Cleveland, kifua kikiwa wazi. Mashine ya aina yako ilibuniwa na Michel Mirowski, ambaye mwalimu na rafiki yake alikufa kwa ugonjwa wa mapigo. Yeye na Morton Mower walianza mwaka 1969, wakafanya kazi kwa mbwa zaidi ya miaka kumi. Kuna filamu yao: mbwa amesimama, moyo wake unatiwa mtetemo, anaanguka, mashine iliyo ndani yake inamshtua, anainuka na kutikisa mkia. Waliotilia shaka walidai mbwa amefundishwa kuanguka, ikabidi waonyeshe mstari wa umeme wa moyo wake pamoja na picha. Tarehe 4 Februari 1980 mashine iliwekwa kwa mgonjwa wa kwanza, katika hospitali ya Johns Hopkins.

Wapo mbwa ambao hawakuinuka, mwalimu. Na hata yule anayekugandamiza kifua ukiwa umezimia anafuata kitu kilichoonekana kwa mbwa: mwaka 1958 Guy Knickerbocker aligundua kwamba kila alipokandamiza vile vibao vizito vya umeme juu ya kifua cha mbwa, shinikizo la damu lilipanda kabla hata umeme haujapita.

Unaniuliza haki. Nitakueleza nilichofanya mimi. Moyo wa sungura, akiwa amekwisha kulazwa kwa nusukaputi asihisi kitu, tuliutoa na kuuning'iniza kwenye mrija wa kioo, ukinyweshwa maji ya chumvi yenye joto la mwili na oksijeni. Ukiwa umeandaliwa vizuri hudunda kwa saa kadhaa, nje ya mwili, peke yake. Sijazoea kuuona mpaka leo. Siku moja nilikosea kupima kalsiamu katika maji yale. Moyo ulikakamaa katika dakika chache, ukanyamaza. Kosa lilikuwa langu, si la mtu mwingine, na sungura yule alikufa bila kutufundisha chochote. Nilikaa kwenye kiti nikalia. Kuanzia kesho yake niliweka utaratibu kwamba mtu wa pili apime chumvi zote upya na kutia saini kabla mnyama hajatolewa kwenye chumba chake, na sikuuvunja hata tulipokuwa na haraka.

Kwa hiyo ninayoiita dhuluma ni ile ya kumtumia mnyama ovyo. Majaribio ya wanyama watano watano yasiyotosha kuthibitisha kitu, yasiyogawa wanyama kwa kura, ambayo mpimaji anajua nani amepewa dawa na anaona anachotaka kuona. Hayo yapo mengi kuliko inavyopaswa, na nimekataa kuyapitisha nilipokaa kwenye kamati ya maadili. Tangu 1959 tuna kanuni tatu za Russell na Burch: tumia njia isiyo na mnyama inapopatikana, punguza idadi, punguza maumivu. Njia hizo sasa zinapatikana zaidi. Tangu 2007 inawezekana kuchukua seli za ngozi za mtu, kuzirudisha utotoni, na kuzifanya ziwe seli za moyo zinazodunda kwenye sahani. Sheria ya Marekani ilibadilishwa Desemba 2022, kwamba dawa mpya si lazima ipite kwa mnyama kabla ya binadamu. Nilifurahi siku ile. Ila seli za sahani bado ni changa, kama za mtoto aliye tumboni, na sahani haina mishipa ya fahamu, haipandi ngazi, haiamki usiku kwa ndoto mbaya. Mioyo mingi huharibika mdundo katika nyakati kama hizo.

Sikuombi ukubaliane nami. Ninakuomba tu usiizime mashine. Mbwa wale hawapati chochote kwa wewe kuanguka jikoni usiamke.

SWALI: Mbwa wangu ni Boxer, ana miaka saba. Wiki hii amezimia akicheza. Je, mbwa nao huugua mapigo?

JIBU: Sana, na jamii ya Boxer hurithi ugonjwa ambao misuli ya chumba cha chini cha kulia hubadilika kuwa mafuta na nyuzi, kama ule wa baadhi ya binadamu. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, uombe afungwe kipimo cha moyo cha saa 24, maana kipimo cha dakika moja mara nyingi hakioni kitu. Dawa za kutuliza mapigo hayo zipo, kadhaa kati ya hizo ni zile zile tunazowapa watu. Hapa faida inarudi kwa mnyama mwenyewe, na naona ni haki yake.

SWALI: Dada, nina miaka 66. Moyo wangu unapiga mara 34 kwa dakika na nimepangiwa kuwekewa betri ya moyo Jumatatu. Shemeji yangu amesikia nguruwe walitiwa jeni, mioyo yao ikajitengenezea betri yenyewe. Anasema nisubiri hiyo. Nisubiri?

JIBU: Usisubiri, kaka.

Alichosikia kipo. Mwaka 2014 Eduardo Marbán na wenzake wa Los Angeles walichukua nguruwe waliozuiwa umeme kati ya vyumba vya juu na vya chini, hali inayoufanya moyo upige polepole kama wako, wakapeleka kwa katheta jeni iitwayo TBX18 kwenye eneo dogo sana la moyo. Seli za kawaida za eneo hilo zikaanza kufanya kazi ya kitovu cha mdundo. Siku chache baadaye nguruwe hao walikuwa na mapigo bora kuliko wenzao, na yalipanda walipotembea. Niliposoma nilisimama nikazunguka meza kwa furaha. Lakini utafiti ulidumu majuma mawili, na nguvu ya jeni ilianza kufifia kabla hayajaisha, kwa kuwa kinga ya mwili hushambulia kirusi kilichoibeba. Wanaoitazamia kwanza ni watu ambao betri yao imepata maambukizi na lazima itolewe kwa muda. Wewe hujafika huko.

Arne Larsson wa Sweden aliwekewa betri ya kwanza kabisa ndani ya mwili tarehe 8 Oktoba 1958. Ile ya kwanza ilikufa baada ya saa chache. Alibadilishiwa zaidi ya mara 20 katika maisha yake, na alifariki mwaka 2001 akiwa na miaka 86. Yako ya Jumatatu inatazamiwa kudumu miaka kadhaa kabla ya kuhitaji mpya.

Mwambie daktari dawa zote unazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda, na uulize saa ngapi uache kula. Mkono wa upande watakaoiweka usiunyanyue juu ya bega mpaka wakuruhusu. Shemeji yako akuendeshee gari kwenda na kurudi. Niandikie ukishatoka, uniambie unapiga ngapi.